Tamasha la roki nzito, bendi tano usiku mmoja: nisimame wapi?

Mpenda Besi:
Wakuu, salaam. Nimeshakata tiketi. Metali naisikiliza kwa hedifoni tangu niko shule, ila kuiona jukwaani bado. Bendi iliyonivuta ni ya tatu kupanda, si ile kubwa ya mwisho. Jamaa yangu anataka tuwahi tukang'ang'anie vyuma vya uzio, mbele ya jukwaa. Mimi mwili sina, na kuna wale wa kusukumana. Nisimame wapi? Na viziba masikio ni lazima au ni mambo ya wazee?

Mbeba Spika:
Karibu sana mkuu. Nimebeba vyombo vya jukwaani miaka mingi, kwa hiyo najibu kama mtu wa nyuma ya pazia.

Mbele kabisa ni pa kuona, si pa kusikia. Pale unapigwa na dramu na amplifaya za magitaa moja kwa moja, halafu sauti ya mwimbaji inakupita juu kwa juu, kwa sababu spika kubwa zimeelekezwa kwenye umati. Kaa katikati, hatua chache mbele ya meza ya fundi mitambo. Yeye anachanganya sauti kwa masikio yake mwenyewe, hivyo anachokisikia ndicho utakachokisikia.

Kitu kingine ambacho watazamaji wengi hawakijui: mchana bendi kubwa ndiyo hujaribu sauti kwanza, na ya kufungua hujaribu mwisho ili vyombo vyake vibaki vimepangwa. Mara nyingi muda unakuwa umeshaliwa, wanaambulia dakika chache. Basi wimbo wao wa kwanza ni vurugu tupu, kiki, ile dramu kubwa ya mguu, imemeza gitaa lote. Watu wanasema bendi mbovu. Wape nyimbo mbili, fundi atakuwa ameshaipata.

Bendi yako ya tatu ukitaka kuiona kwa karibu, subiri tunapobadilisha dramu. Watu wanakimbilia choo na vinywaji, mbele panalegea. Penya hapo.

Masikio, vaa. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kinaruhusu wafanyakazi desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Wewe una bendi tano! Vile vya sponji vinaua sauti za juu, muziki unakuwa kama uko chumba cha pili. Tafuta vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa zaidi.

Dada Distosheni:
Mimi pia mwili sina na naingia kwenye kusukumana. Simama pembeni mwa duara la wanaosukumana, mikono kifuani, kamba za viatu fundo mbili. Ukianguka watakuinua kabla hujajua umeanguka. Wale jamaa wana sura za kutisha tu. Cha kuogopa ni msongamano usio na nafasi ya kucheza. Ukiona huwezi kunyanyua mikono, toka kwa ubavu mapema, usingoje wimbo uishe. Kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, mwaka 2000, watu 9 walikufa kwa kubanwa mbele ya jukwaa.

Mpenda Besi:
Nimewaelewa. Jamaa aende vyumani peke yake, mimi mezani kwa fundi.

Mbeba Spika:
Sawa, ila usimguse begani kumwambia aongeze gitaa. Kila tamasha ana mmoja wa hivyo.