Kikundi cha kuacha pombe wakati wa mlipuko wa ugonjwa: tufunge au tuendelee kukutana?

Mama wa Uyole, Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Ninaongoza kikundi cha watu wanaojitahidi kuacha pombe; tuko 16 na tunakutana kila Alhamisi saa 12 jioni. Corona ilipoingia nchini mwezi Machi 2020 tulisimamisha vikao kwa miezi mitatu, na tulipofungua tena wanne walikuwa wamerudia kunywa. Mmoja wao, ambaye alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kugusa komoni, aliniambia kwamba tangu siku tulipofunga mlango hakuna mtu aliyemjulia hali. Neno hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Chumba chetu ni kidogo, dirisha moja tumeliziba kwa gunia kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita, na chai tunakunywa kwa kupokezana vikombe vitano. Ukitokea mlipuko mwingine wa ugonjwa wa njia ya hewa, tuendeshe vikao namna gani bila kuwahatarisha wenzetu, ambao baadhi yao wamewahi kuugua kifua kikuu?

Muuguzi, Iringa

Mama, pole na hongera kwa kazi hiyo. Jambo la kwanza ni hilo gunia. Magonjwa ya aina hii huenea zaidi pale watu wanapokaa muda mrefu ndani ya chumba kisichopitisha hewa, hasa wakiwa wanazungumza, na kikundi chenu kazi yake ni kuzungumza. Kaeni barazani au uani, na kama baridi ndiyo inayowafungia ndani, sogezeni kikao kiwe saa 9 alasiri jua likiwa bado lipo, kila mtu aje na koti lake na kikombe chake. Mvua ikiwalazimisha kuingia, fungueni madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, vaeni barakoa, mfupishe kikao. Mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani, lakini apigiwe simu siku hiyohiyo.

Kuhusu mikono, ninawasihi mtumie kibuyu chirizi na sabuni. Vitakasa mikono vinavyofaa huwa na kileo kisichopungua asilimia 60, na kwa mtu aliyeacha pombe wiki mbili zilizopita harufu hiyo peke yake ni mtihani. Wapo hata wanaovinywa.

Lipo jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mtu anayekunywa kila siku akitakiwa kujitenga ghafla, pombe nayo hukatika ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 48 anaweza kutetemeka, kutoka jasho na hata kupata degedege, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo inaua. Msimwambie avumilie, apelekwe hospitali, na wahudumu waelezwe wazi kwamba ni mnywaji.

Katibu wa kikundi, Makambako

Ninakubaliana na muuguzi, ila suala lililotusumbua sisi lilikuwa la siri. Tuliambiwa tuandike majina ya waliohudhuria ili akiugua mmoja wengine wapewe taarifa, na wiki iliyofuata walikuja watu watatu tu. Desturi ya kutotajana majina, ambayo Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wameishika tangu kundi lao lilipoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kuingia mlangoni. Tuliamua kiongozi mmoja aandike majina ya utani na namba za simu katika karatasi, aifungie kwake, na baada ya siku 14 aichome mbele yetu.

Kundi la WhatsApp sikulipenda, kwa kuwa ujumbe ukipigwa picha umeshatoka. Tulipigiana simu wawili wawili. Hata hivyo, dada mmoja anayeishi na wakwe zake alilazimika kuingia katikati ya mahindi ndipo aweze kusema kilichomsibu. Muulizeni kwanza mtu kama yuko mahali anapoweza kuzungumza.

Mama wa Uyole, Mbeya

Nimewaelewa, na asanteni sana. Gunia nitalitoa kesho. Ila tunaye mzee mmoja asiye na simu, anaishi peke yake kuelekea Igawilo, na msimu wa baridi miguu humuuma hata asiweze kutembea. Huyo nimfanyeje?

Muuguzi, Iringa

Mpangieni wenzake wawili wanaokaa jirani naye, wapokezane kumtembelea siku zinazojulikana. Wasiingie ndani, wakae nje mlangoni hatua mbili tatu kutoka kwake, naye akae kizingitini akiota jua. Siku asipofungua, wasiondoke hadi wamesikia sauti yake.