Ulinzi wa Kifaransa: je, askari wa d4 aliwe?

Mchezaji wa Katuba
Wakubwa zangu wa sataranji hapa Lubumbashi, naomba ushauri kuhusu mchezo wa mashindano niliocheza na kete nyeusi. Mpinzani alifungua kwa kusogeza askari hadi e4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), nikajibu e6, ndio Ulinzi wa Kifaransa. Akaweka d4, nami d5, kisha akamsogeza askari hadi e5. Nilimshambulia kwa c5, akalinda kwa c3; farasi wangu akatoka c6, wake f3, na malkia wangu akakaa b6. Hapo akapeleka askofu d3. Tulibadilishana askari kwenye d4, nikaweka askofu d7, naye akamhifadhi mfalme g1 huku askari wake wa d4 akibaki wazi. Sikumla. Nilitoa farasi e7, askofu wake akarudi c2 ili malkia ailinde d4, na tukaishia sare. Je, nikikutana naye tena, nimle?

Yaya wa Kamalondo
Mdogo wangu, mle. Mtego huo wa kuachia askari aliwe unaitwa kwa jina la Stuart Milner-Barry, Mwingereza aliyevunja siri za maandishi ya adui kule kwenye kituo cha Bletchley Park wakati wa Vita Kuu ya Pili. Farasi wako ale, wake amle, malkia wako amalizie. Ataleta farasi c3 kwa nia ya kuruka b5. Usikimbilie askari wa e5, kwa maana ngome itakuja e1 kumfukuza malkia wako wakati mfalme wako bado yuko katikati. Mimi ningesogeza askari a6 kwanza, kuizuia b5. Atatamani f4, lakini malkia wako aliyeko d4 amemfunga askari wa f2 mbele ya mfalme, hivyo itambidi kwanza ampeleke mfalme h1. Nafasi hiyo itumie kupitisha farasi e7 hadi c6.

Mwalimu wa Kampemba
Naungana na Yaya, ila nasisitiza mpangilio: askofu awe d7 kabla ya kula. Ukila mapema, askofu wa d3 ataruka b5 na kumpa mfalme wako shaha, yaani kumshambulia moja kwa moja; itakubidi umwokoe mfalme, na malkia wako ataliwa na malkia wake.

Mchezaji wa Katuba
Asante sana, wakubwa. Na badala ya askofu d3, akicheza a3?

Mwalimu wa Kampemba
Anaandaa kusogeza askari b4. Sogeza askari wa c5 hadi c4 umzuie, kisha farasi wako aende a5 kuitazama b3, mahali ambapo hatakuwa tena na askari wa kupalinda.