Ushauri jamani: tangi la samaki la kujengesha, lita 450, sebuleni Kinyerezi

Kibua Mkavu
Wakuu habari za jioni. Nimehamia kwangu Kinyerezi mwezi wa tatu, nje bado hata rangi sijapiga ila ukuta mmoja wa sebule nimeuacha wazi makusudi, pale panakaa tangi la samaki, hii ndoto ninayo toka nasoma. Nataka nijengeshe kwa vipimo vyangu. Urefu sm 150, upana 50, kimo 60. Chini kwenye kabati inakaa sampu ya sm 80 kwa 40 kwa 40, maji yanashuka yanapita kwenye sponji halafu pampu inayarudisha juu.

Fundi vioo anasema mm 8 inatosha, eti ameshatengeneza mengi. Wa kuchomelea anasema skwea paipu ya nchi moja. Maji nina kisima, na bomba la dawasa lipo. Samaki nataka goldifishi watatu, wale wa Kigoma weusi wenye mkanda, na shemeji yenu anataka na perege mmoja, hali ikiwa ngumu anakaangwa. Niko sawa au nakwenda kumwaga hela?

Redoksaidi
Hongera kwa kuhamia mkuu. Huyo fundi vioo muulize hayo mengi yalikuwa na kimo gani, maana kinachokisukuma kioo ni kimo cha maji, halafu kikiwa kirefu kinabinuka katikati. Kwa sm 60 mm 8 sahau. 10 ukiweka mikanda ya kioo kuzunguka juu inabeba lakini mimi nisingelala, piga 12 na mikanda uiweke hivyo hivyo. Silikoni chukua ile inayonuka siki, ya bafuni yenye dawa ya ukungu inaua samaki. Akishagandisha mwambie mkae wiki nzima ndo mjaze, na mara ya kwanza jazia nje uani sio sebuleni 😂

Uzito sasa. Maji karibu kilo 450, kioo cha mm 12 chenyewe kama 95, weka mawe na mchanga unafika kilo 600 na zaidi, hiyo ni kama bodaboda tano zimepaki kwenye mita moja na nusu. Nchi moja ni ya meza ya tv. Piga nchi 2 unene mm 3, miguu sita, redoksaidi mikono miwili ndo rangi, maji ya samaki yanakula chuma kimya kimya. Juu ya stendi laza mbao, juu ya mbao lile povu jeupe linalokuja na boksi la friji, na ile pima maji ya mafundi uiweke kila upande kabla hujapandisha tangi. Zege la chini kwa chini halina shida, ingekuwa ghorofani ningesema tuongee kwanza.

Mama Sampu Tabata
Kaka Kibua mimi naomba nikuulize kitu kimoja tu, umeme ukikatika maji yanaenda wapi?

Kwa nini nauliza, mwaka juzi nimerudi kazini nakuta zulia linaelea. Pampu ikizima, lile bomba linalorudisha maji juu linageuka linaanza kuyanyonya kuyashusha chini, na linanyonya mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo wangu ulikuwa chini ya maji kabisa kwa sababu sikutaka kelele za maji kudondoka. Sasa piga hesabu ya kwako. Tangi lako kila sm 1 ya juu ni lita 7 na nusu. Mdomo ukikaa sm 15 chini, zinashuka lita 112. Sampu yako nzima ni lita 128, ukiiendesha ikiwa na maji sm 30 zimeshajaa 96, nafasi iliyobaki ni lita 32. Zile 80 zinakwenda kwenye sofa la shemeji.

Dawa yake wala haina gharama, toboa tundu la mm 6 kwenye hilo bomba chini kidogo tu ya usawa wa maji, maji yakishuka tundu linavuta hewa mchezo unaisha. Na lichokonoe kila wiki linaziba kwa ukoko. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake, uchafu ukiingia haifungi. Sampu endesha na maji sm 20, sio 30. Halafu siku ya kwanza zima swichi makusudi ukiwa umesimama pale na ndoo.

Pampu ndogo ya hewa ya betri nunua pia, joto la Januari hapa maji yanafika 30 na maji ya moto hayashiki hewa. Hita huitaji. Luku nayo, pampu ya wati 40 ni kama uniti moja kwa siku.

Chai Saa Kumi
Mnamtisha bure, mimi gapi wangu, wale samaki wadogo, wanaishi maji ya kisima mwaka wa pili, kwenye beseni.

Mjukuu wa Ujiji
Gapi ataishi hata kwenye mtaro mkuu. Kibua hapa ndo pa kuamua, maana maji uliyonayo ndo yanachagua samaki. Ziwa Tanganyika maji yake ni magumu, yaani yana madini mengi ya chokaa, na pH, kile kipimo cha uchachu, inakaribia 9, goldifishi kwao ni maji ya baridi, na perege atawameza wadogo wote. Hawakai pamoja. Hao weusi wenye mkanda ni duboisi, wanakula mwani wa kwenye mawe, ukiwapa nyama nyama wanavimba tumbo wanakufa. Wanunue kundi, kumi na zaidi, wakiwa wachache mmoja anawapiga wote.

Watu wanadhani kisima cha Dar chenye chumvi ni sawa na ziwa, sio. Ugumu na chumvi ni vitu viwili. Tafuta peni ya TDS, inayopima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na kipimo cha pH upime kisima na bomba. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye simtanki na hewa ikipuliza siku nzima au weka dawa ya kuondoa klorini. Mawe yale ya matumbawe ya Kunduchi yanafaa sana, dondoshea siki yakitoa povu ndo yenyewe, yanapandisha ugumu. Mchanga wa mto wa kujengea, osha mpaka uchoke.

Na usikimbilie samaki. Mavi yao ni amonia, bakteria wa kuila wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa kwenye sponji. Wadondoshee chakula kidogo tangi likiwa na maji ila bado halina samaki, au omba kipande cha sponji chafu kwa Mama Sampu.

Mama Sampu Tabata
Sponji lipo. Aje na ndoo, likikauka bakteria wamekufa, na asije akalisuuza bombani.

Kibua Mkavu
Wakuu nimerudi. Peni nimeazima: kisima 2,140, bomba 190. Kwa hiyo kisima kinabaki cha kufulia. Fundi vioo nimempa mm 12 amenuna ila amekubali, stendi nchi 2. Goldifishi nimefuta. Shemeji yenu kasema perege wake atamfuata Feri. Mama Sampu Jumamosi asubuhi uko nyumbani?

Mama Sampu Tabata
Nipo mpaka saa nne. Hilo tundu umeshatoboa?