Tupeane uzoefu: kutumia simu kuripoti uharibifu wa mafuriko Dar es Salaam

Mleta mada
Ndugu zangu, habari za leo. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini kwetu na kusababisha baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, kila mvua kubwa ikinyesha tunapiga picha za maji na kuzisambaza. Ninachoomba tuzungumzie ni namna picha hizo zinavyoweza kuwa taarifa ya kufanyiwa kazi: ni nyumba ipi, maji yalifika wapi, lini, na kimeharibika nini. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, ulituachia ramani ya wazi katika OpenStreetMap (ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuichangia) inayoonyesha nyumba, mifereji na njia za mitaa mingi. Kwa hiyo msingi upo. Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni jinsi tunavyokusanya taarifa zenyewe. Aliyewahi kuripoti au kupokea ripoti atueleze alifanyaje hasa.

Mkazi wa Kigogo
Mtaani kwetu tulikuwa tukituma kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Mjumbe alipotaka kupanga picha kwa nyumba alishindwa, kwa sababu picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kuondolewa taarifa za mahali ilipopigwa, na picha ya masika yaliyopita ikisambazwa upya huonekana kama ya leo. Sasa kila nyumba inapiga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha nyumba pamoja na ya jirani, nyingine ya karibu inayoonyesha mstari wa tope ukutani, futi kamba ikiwa imesimamishwa kutoka sakafuni. Kwa jirani yangu mstari ulikuwa sentimita 94, juu kidogo ya meza aliyoweka magodoro akidhani yamesalimika. Picha hizo tunazituma kama faili, maana zikitumwa hivyo taarifa za mahali na saa hubaki, ilimradi kamera iliruhusiwa kurekodi mahali. Asiye na futi kamba, kama ukuta haujapigwa plasta, ahesabu kozi za tofali; asiseme maji yalifika magotini au kiunoni, maana magoti na viuno vyetu havilingani.

Niliyekusanya taarifa Tandale
Sisi tulitumia KoboCollect, programu ya simu ya kujazia fomu. Fomu hujazwa bila intaneti, ikahifadhiwa kwenye simu na kutumwa mtandao ukirudi, hivyo bando likiisha kazi haisimami. GPS nayo haihitaji bando, ila chini ya bati na katikati ya kuta zilizobanana hupotoka sana, na Tandale ukikosea mita kumi tu umeshahamia nyumba nyingine. Toka nje, simama mahali palipo wazi, usubiri kiwango cha kukosea kinachoonyeshwa na simu kishuke chini ya mita 5 ndipo uhifadhi. Naomba pia swali la choo lisiachwe kamwe. Watu huona haya kulijibu, lakini choo kilichofurika karibu na kisima ndicho kinacholeta kipindupindu baada ya maji kuondoka.

Mpangaji, Magomeni
Nyumba tunayoishi ina vyumba sita, na kila chumba kina kaya yake. Fomu ilijazwa na baba mwenye nyumba, ambaye haishi hapa, naye akaandika ukuta na geti. Cherehani yangu iliyoingia maji, unga wa mama wa chumba cha pili na madaftari ya watoto havikuandikwa popote. Fomu inayohesabu nyumba badala ya kaya inatuacha nje sisi wapangaji, ambao tumejaa mabondeni kwa sababu kodi yake tunaimudu. Nasisitiza: ulizeni chumba kwa chumba.

Mleta mada
Dada yangu, hoja yako ni nzito. Niongeze kuhusu wenye vitochi, yaani simu ndogo za kawaida: mfumo wa Ushahidi, ulioanzishwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulipokea hata ujumbe mfupi wa simu na kuuweka kwenye ramani. Asiye na simu janja asiambiwe asubiri.

Mjumbe wa shina, Hananasif
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina angalizo moja. Orodha ya waathirika ilisambazwa ikiwa na majina na namba za simu, na haikuchukua muda matapeli wakaanza kuwapigia watu wakidai fedha za kuwaandikisha kwa ajili ya fidia; bibi mmoja alilipa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, nasi wa ngazi ya shina hatuna budi kuifuata. Kwenye ramani naweka nyumba, kina cha maji na uharibifu tu. Majina yanabaki kwenye daftari langu, na mwenyekiti wa mtaa akihitaji namba ya mtu hunipigia mimi, nami namwuliza mwenyewe kwanza kabla ya kuitoa.