Tulioishi na unene mkubwa miaka na miaka, tupeane uzoefu

Mleta mada, Dar:
Habari za jioni wadau. Uzi huu naomba uwe wa wale ambao unene wao siyo wa juzi, namaanisha wewe umeishi nao miaka 10, 20, na ushajaribu kila kitu. Naanza mwenyewe. Nina miaka 41, urefu sm 162, leo asubuhi mzani umesoma kilo 128, ukipiga hesabu ya BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) inakuja 48 na ushee wakati unene uliopitiliza unaanzia 30. Nimeitwa bonge tangu darasa la tano. Nishapungua mara nne, kuna mwaka nilitoa kilo 22 kwa ndizi na maziwa tu, kila mtu ananisifia, mwaka uliofuata zikarudi 27.

Watu ndo wananiumiza zaidi. Kuna konda alinambia mbele ya abiria nilipie siti mbili, nikashuka hapo hapo nikatembea huku nalia. Hospitali moja nilienda na sikio linatoa usaha, daktari hata hajaliangalia kaanza na uzito, nikarudi nyumbani na sikio langu vilevile. Baada ya hapo nilikaa karibu miaka 3 sijakanyaga hospitali na kumbe huku presha inapanda.

Aliyenisaidia ni nesi mmoja kliniki ya presha. Kwanza alihangaika kutafuta ule mkanda mpana wa kupimia, akasema mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo presha inasoma juu kuliko ilivyo, kwa hiyo wenzangu ombeni mkanda wa saizi yenu msione aibu. Halafu akanieleza kwamba mtu akipungua sana mwili unajihami, njaa inapanda na mwili unaanza kutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, na hali hiyo inaweza kukaa miaka. Nililia pale pale maana siku zote nilijua ni mimi tu sina msimamo. Sasa nauchukulia unene kama mwenye sukari anavyouchukulia ugonjwa wake, nauhudumia kila siku. Nimetoka 136 ndani ya miaka 2, taratibu. Soda nimeacha, chupa ya ml 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai na mi nilikuwa nashusha tatu kwa siku. Karibuni.

Mdau, Tunduma:
Dada pole na asante, mi dereva wa lori, kilo 134 enzi hizo. Kwangu shida ilikuwa usingizi. Nakoroma nyumba nzima inasikia, asubuhi naamka kichwa kinauma, mchana nasinzia kwenye usukani, siku moja nimekuja kushtuka tairi za kushoto ziko kwenye changarawe na mzigo tani 30 nyuma. Mke wangu akanirekodi kwa simu usiku, kusikiliza nikaogopa mwenyewe, nakoroma halafu kimya kabisa, pumzi hakuna, halafu nashtuka kama mtu aliyetoka kuzama. Daktari akasema ni njia ya hewa inaziba nikilala sababu ya mafuta shingoni. Ndugu yangu aliyeko Uingereza akanitafutia mashine ya kuvaa usoni inayosukuma hewa, wiki ya kwanza ilinisumbua nikataka kuitupa, ila sasa siendi safari bila hiyo. Nimepungua 11 tu, lakini hata hizo 11 presha imeshuka mpaka wamenipunguzia dozi. Kama unasinzia hovyo mchana na unakoroma, tafadhali usiseme ni uchovu tu, nenda kapime, hasa mnaoendesha.

Mdau, Mwanza:
Hakuna anayezungumzia kuchubuka mapaja? Vaa bukta ndefu ya pamba ndani ya dera na upake mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Chini ya maziwa kausha vizuri baada ya kuoga, weka kitambaa safi cha pamba, kukiwasha na kunuka ni fangasi hiyo, dawa ya kupaka ipo, usikae nayo kisa aibu.

Mdau, Mombasa:
Mie nimeolewa kilo 70, saa hii nina 109 na watoto wanne. Huku kwetu bibi harusi akinenepa yuwasifiwa, ati katunzwa. Shida ilianza nilipotaka kupungua. Nilipotoa kilo 8 mama mkwe alinikalisha chini aniuliza polepole kama naumwa, na majirani washaanza kunong'ona ule ugonjwa. Kwa kweli niliogopa nikarudi kula ili watu wanyamaze.

Kilichonifaa ni kuacha kula kwenye sinia. Sinia la pilau hujui umekula kiasi gani, mkono wenda tu na maneno yaendelea. Sasa napakua sahani yangu, nakaa nao hapo hapo. Mahamri asubuhi mawili badala ya matano, mbaazi nala vizuri maana zashibisha, chai bila sukari. Miezi 14 sasa, kilo 6 zimeenda na hazijarudi.

Mdau mwingine:
Samahani kwa nitakachosema, ila si ni kula kidogo na kukimbia tu? Mi nilitoa kitambi kwa miezi 3.

Mleta mada:
Kaka sijakasirika, umeuliza vizuri. Kilo 128 zikikimbia magoti yanaisha. Kila kilo moja unayopungua, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua, sasa geuza hiyo hesabu uone mi nabeba nini. Natembea ndani ya bahari pale Coco asubuhi, maji hadi kifuani, dakika 40, goti haliumi kabisa. Na kitambi cha miezi 3 ni tofauti na mwili ulionenepa tangu utotoni, naomba unielewe.

Nasikia hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni ili mtu ashibe haraka apungue, kuna aliyewahi kuweka popote atuambie?

Mdau, Arusha:
Niliwekewa, sisemi wapi. Siku 4 za kwanza kichefuchefu na kutapika, vumilia. Nilitoa kilo 17. Puto lilipotolewa njaa ikarudi na 9 zimerudi nazo. Sijutii maana nilijifunza kula taratibu, ila mjue puto linakupa muda tu wa kujipanga. Na zile sindano za kupunguza uzito za kila wiki nazo ukiacha uzito unarudi, msizinunue mtaani bila daktari.

Mdau, Morogoro:
Mi siyo mnene, nina mtoto wa kiume miaka 11 ana kilo 68. Shuleni wanamwita tipwatipwa, hataki tena kwenda. Nimeanza kumpimia chakula, sijui kama nafanya sawa.

Mleta mada:
Mama yangu, hapa nimekaa na simu muda mrefu kabla ya kuandika. Mi nilipokuwa darasa la tano mama alinitoa kwenye sinia akaniwekea kisahani changu pembeni, wenzangu wanakula nawaangalia. Alikuwa ananipenda, najua. Ila usiku nilianza kuamka naiba ukoko jikoni nakula gizani, na huo wizi niliendelea nao mpaka nina nyumba yangu na mume. Dada wa Mombasa sahani yake kaichagua mwenyewe, mi yangu nilipangiwa. Usimtenge. Badilisha chakula cha nyumba nzima, soda na juisi za paketi zisiingie kwa mtu yeyote, mboga ziongezeke kwa wote, na usimpime mbele ya ndugu zake. Mpeleke kwa daktari wa watoto, na kwa mwalimu wa darasa nenda mwenyewe bila yeye kujua. Nambie, anapenda mchezo gani?

Mdau, Morogoro:
Kuogelea. Tulikuwa tunaenda mtoni kwa bibi yake, ila siku hizi hataki kuvua shati.

Mleta mada:
Basi aogelee na shati.