Ushauri: Madereva wanamtii "Baraka" wa kwenye kompyuta, mimi msimamizi wao wananibishia

Bint_Kurasini: Habari za humu wakuu. Ni msimamizi wa zamu kwenye ghala moja hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Nina madereva 22, wote wanaume. Kila jioni nikipanga nani apeleke mzigo wapi ni mabishano. "Dada, Mbagala jana nilienda mimi." Nikishikilia msimamo: "Huyu leo mumewe kamuudhi."

Machi tukaletewa programu ya akili mnemba ya kupanga safari, inatuma yenyewe kwenye grupu. Fundi akaipa jina Neema. Wiki mbili hazikuisha, Neema ana kisirani, Neema anakomoa watu, Neema hajui barabara. Fundi akacheka, akaibadili jina ikawa Baraka. Hakugusa kingine chochote. Siku hizi ujumbe ukiingia ni "Sawa bosi", "Pamoja mkuu". Baraka kampeleka mtu Chanika Jumapili na hajanung'unika!

Wiki iliyopita mfumo ulikwama. Nikapanga mwenyewe kwa daftari, nikatuma kwa jina la Baraka. Kimya. Nimesharudia mara mbili. Nafurahi mchana, usiku roho inaniuma. Niendelee? Msinitukane.

Mzee_wa_Fuso: Mimi ni dereva. Mashine haina mtu wake, ndiyo maana hatuibishii. Wewe ukinipeleka Chanika nitahisi umembeba mwenzangu. Msiingize uke na uume hapa.

Bint_Kurasini: Mkuu, Neema naye alikuwa mashine.

Mzee_wa_Fuso: Hapo umenikamata.

Ticha_Songea: Mleta mada, hili lilishapimwa. Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, matokeo yakatoka 2015. Walimu wasaidizi wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanamke na mwanamume. Kila mmoja akafundisha kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Aliyedhaniwa mwanamume akapata alama za juu, hata kwenye kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zilirudishwa wakati uleule. Ni Neema na Baraka hao hao, ila wale walikuwa watu.

Kitonga: Endelea kimyakimya dada. Mshahara si unaingia?

Shangazi_K: Usimsikilize Kitonga. Bosi akiona zamu anapanga Baraka na kelele hakuna, atajiuliza wewe unalipwa kwa lipi. Na siku Baraka akiingiza gari la tani 10 kwenye uchochoro wa Manzese, atakayeitwa ofisini si Baraka. Chukua lile daftari, weka pembeni ya ujumbe uliotumwa, mpelekee bosi mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Uwe na meseji za enzi za Neema pia, hizo ndizo zitakazoongea.

Bint_Kurasini: Asante shangazi. Za Neema ninazo, hata ile ya "mwambieni akapike". Nimechapisha zote pamoja na kurasa tatu za daftari. Bosi anarudi safari Jumatatu. Fundi kaniuliza leo kama aweke jina langu kwenye mfumo, nimemwambia asubiri.