Naomba ushauri: sakafu iliyooza ya trela la Boler la 1973
Ndugu wanajamvi, nipo Winnipeg, Kanada, ambako matrela haya ya kulala yalianza kutengenezwa mwaka 1968. Nimenunua moja la futi 13, ambalo bodi yake ni vipande viwili vya faibaglasi vilivyounganishwa katikati kama makombe ya chaza. Bodi ni nzima, lakini sakafu ya mbao karibu na mlango imeoza kiasi kwamba nikiibonyeza kidole kinazama, na nadhani maji hupenya kwenye ribiti zinazoshikilia makabati. Je, nianze kwa kubadilisha na kuziba ribiti zote, au nikate sakafu kwanza ili nikague kutu ya fremu? Ninalipenda mno trela hili na sitaki kuliharibu. Rangi na jiko jipya vitasubiri. Natanguliza shukrani.